Kashata za Safari ya Mabembeani

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu nilikwenda uwanja wa ndege wa Malindi bila tiketi, bila mgeni, bila mzigo wowote, nikakaa kwenye benchi la nje kutazama watu wakiondoka. Askari wa mlangoni, ambaye amenizoea, akaniuliza, "Leo wamsindikiza nani, dada Kadzo?" Nikamwambia nasindikiza macho yangu. Alicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mpaka leo injini ikiunguruma moyo hunienda mbio, na nikimwona mtoto amevaa viatu vipya vya safari, huku mama yake anatafuta pasipoti iliyomo mkononi mwake mwenyewe, hutamani kuinuka nikawasaidie.

Nyinyi mliobaki ofisini mmenitaka niandike kazi yetu ilivyokuwa, nami nimekubali upesi kuliko mlivyotarajia. Vyeo sitavitaja, maana nilivyopewa havikubadilisha chochote isipokuwa kiti. Mshahara mnaujua, ndio huohuo wenu. Nitaandika yale ambayo hamkuyakuta kwenye kompyuta.

Nilitoka Kakuyuni kuja kuanza kazi nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, ambavyo vilinibana mpaka nikasahau kuogopa. Ofisi yetu ya tiketi za ndege ilikuwa chumba kimoja cha chini, mkabala na fundi cherehani, na nyuma ya meza alikaa Bi Swafia wa Mambrui, buibui limenyooka, miwani imefungwa uzi shingoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi Swafia."

"Marahaba, mwanangu. Ndege umeshapanda?"

"Bado."

"Vyema. Basi hutawaongopea watu kwamba haitikisiki."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Siku hizo tiketi ziliandikwa kwa mkono, na karatasi ya kunakilia iliacha wino mwekundu vidoleni usiotoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Nyumbani walinitambua kwa vidole. Ukikosea jina, tiketi nzima ilitupwa, na Bi Swafia hakufoka. Aliikunja tu, akaiweka mbele yako, ukawa unaitazama mpaka saa ya kufunga.

Kwenye kizingiti cha juu cha mlango tulitundika mizani ya ndoana, ileile wanayopimia samaki sokoni. Kila msafiri alileta mzigo wake tuupime kabla hajaenda kuaibika uwanjani. Mtu wa pwani hasafiri mikono mitupu. Atabeba halwa, papa mkavu, achari, mafuta ya nazi, na mto wa mtu aliyeusahau kwao miaka mingi iliyopita. Mimi nilianza kwa kuwaambia watu, "Hiki acha, hiki acha," wakanichukia. Bi Swafia akanivuta pembeni. Akaniambia nisimwambie mtu aache kitu, bali nimuulize hicho ni cha nani. Mtu akianza kueleza kila kopo ni la nani, mwenyewe ataona lipi linangojwa kwa hamu na lipi ni la kujionyesha. Mizigo ilipungua bila ugomvi, na mimi nikajua habari za nusu ya mji.

Safari yangu ya kwanza ya ndege nilitapika toka tulipopita juu ya mto Galana mpaka tulipotua Nairobi. Tangu hapo sikukosa tangawizi mkobani. Ijapokuwa nilitapika, nilitamani rubani azunguke tena, maana nilikuwa nimeyaona mawingu kwa upande wa juu, nami sikuwahi kufikiri kwamba yana upande wa juu.

Mwanzoni kazi yetu ilikuwa ya wageni wa kutoka ng'ambo. Kisha watu wetu wenyewe wakaanza kusafiri, kwanza kwa Umra, halafu kwa matibabu, na mwisho, jambo ambalo Bi Swafia hakuliamini mpaka alipolikatia tiketi, kwa kwenda kucheza. Bustani za burudani za ng'ambo zilikuwa zimeingia kwenye simu za watoto. Hizo bustani ni mji mzima uliojengwa kwa ajili ya kupiga mayowe: treni zinazopinduka juu chini, mabembea marefu kuliko mnazi, vikombe vikubwa vinavyozunguka na watu ndani. Watoto wa Malindi waliziita "Mabembeani," kama vile ni mtaa wa baada ya Shela. Ofisi ikaamua kila kundi la familia lipate msindikizaji, na msindikizaji nikawa mimi, labda kwa kuwa nilikuwa peke yangu niliyeinua mkono kabla swali halijaisha.

Nilipanda treni ile mara ya kwanza pamoja na familia moja ya Kaloleni. Nilipiga mayowe kwa Kigiriama, lugha niliyodhani nimeiacha nyumbani, na niliposhuka baba wa familia akaniambia, kwa heshima zote, kwamba baadhi ya maneno yale hajayasikia tangu nyanya yake alipofukuza nyani shambani. Tulipanda tena mara hiyohiyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza: kwa nini mkobani mwangu daima mlikuwa na kashata.

Msindikizaji kazi yake ni kuhakikisha kwamba waliotoka ndio waliofika. Huko kwengine hilo ni rahisi, unasimama mlangoni unahesabu vichwa. Kwetu mnajua wenyewe. Watoto hawahesabiwi. Ukimnyooshea mtoto wa mtu kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, umemtia jicho, na likimpata lolote, hata kikohozi, wewe ndiye uliyeliita. Huko kwetu Kakuyuni ni vivyo hivyo, mama yangu akiulizwa ana watoto wangapi hujibu, "Nyumba imejaa." Bi Swafia alikuwa na dawa yake. Kabla ya safari anafunga kwenye karatasi kashata kadiri ya watoto waliopo, na katika kila mlango anagawa. Karatasi ikibaki tupu, wote wapo. Ikibaki kashata, kuna mtoto amepotea. "Gawa kitu, usihesabu mtu," ndivyo alivyonifundisha, na njia hiyo ilinivusha miaka mingi bila kupoteza hata mtoto mmoja.

Kisha nikaisindikiza familia ya Bi Fatuma.

Bi Fatuma alikuwa mama wa makamo aliyekaribia uzee kutoka Mambrui, mfupi, mwenye sauti iliyomtangulia mlangoni. Alikuwa akilea wajukuu zake: Swaleh aliyeanza kuota ndevu za kufikirika, Mwanaisha mpole, Omari ambaye mpole hakuwa, na Zuhura, mdogo wao, aliyekuwa hajaanza shule. Baba yao alishafariki. Mama yao, Rehema, alikuwa Dubai akiwatunza watoto wa watu wengine, na tangu alipoondoka, Zuhura akiwa anatambaa, hakuwa amerudi.

Rehema ndiye aliyepanga safari. Kila siku basi lilimpitisha mbele ya bustani moja ya mabembea, na kila siku aliwaahidi wanawe kwa simu kwamba watakwenda pamoja. Akadunduliza mpaka tiketi za ndege na za mlangoni zikapatikana. Shida ilikuwa ni siku. Mwajiri wake alimpa Ijumaa moja tu, tena mpaka Magharibi, kwa kuwa kesho yake familia nzima ya mwajiri ilikuwa inahamia nchi nyingine kwa msimu wa joto, naye lazima awafuate. Ijumaa hiyo ikipita, hakuna aliyejua nyingine itakuja lini. Hilo alinieleza mwenyewe kwa simu, taratibu, na mwisho akaniuliza, "Dada Kadzo, utanifikishia?" Nikamjibu nitamfikishia, inshallah. Mimi ni Mkristo, lakini kuna ahadi ambazo bila neno hilo sizitoi.

Siku waliyokuja ofisini kupima mizigo, kijana mmoja wetu, mgeni kazini, ambaye sasa ni bosi wenu kwa hiyo simtaji, aliinua kidole akaanza, "Watoto ni mmoja, wawili..." Bi Fatuma aliinuka kitini.

"Wewe! Hao ni mbuzi wa mnada? Wahesabu wanangu mbele ya macho yangu?"

"Samahani, bibi, ni utaratibu tu."

"Utaratibu wenu uhesabuni viti!"

Nikatoa kashata haraka, nikagawa, amani ikarudi. Bi Fatuma alinitazama mkono, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu ana mwalimu." Bi Swafia alikuwa ameshastaafu wakati huo, lakini niliona fahari kana kwamba yuko palepale mezani.

Tuliondoka Malindi Alhamisi asubuhi. Mtaa mzima ulikuja kusindikiza, na ilibidi nimtoe ndani ya ukumbi mjomba mmoja aliyekuwa amepita mlango wa ukaguzi kwa kuendelea kusalimia. Omari alivalishwa kanzu nyeupe na kofia ya viua kwa heshima ya safari. Watoto walikuwa hawashikiki. Walishangilia mkanda wa kiti, walishangilia kidirisha, walishangilia mfuko wa kutapikia, ambao Swaleh aliuweka mfukoni kama kumbukumbu na baadaye akamshukuru Mungu.

Mnaijua ile ndege ndogo ikikutana na joto la Tsavo. Ilishuka, ikapanda, ikayumba, na Bi Fatuma akamkamata mkono Mtaliano mzee aliyekaa kando yake, akasoma dua zote alizozijua kisha akaanza upya. Yule mzee, aliyekaa Malindi miaka mingi, alimwambia kwa utulivu, "Pole, mama, ni mashimo tu. Barabara ya Marereni ni mbaya zaidi." Bi Fatuma akamwangalia, akaona ana haki, akapunguza kumbana.

Nairobi tulifika tumechelewa kidogo, na ndipo lilipotokea la achari. Bi Fatuma alikuwa ametengeneza achari ya maembe kwa ajili ya Rehema, chupa nzima, na badala ya kuiweka kwenye sanduku tulilolipima ofisini aliificha kwenye mkoba wa mkononi, apate kuilinda. Mashine ya ukaguzi haikumwonea haya. Afisa aliitoa chupa, akaielekeza kwenye pipa.

"Usitupe!" Bi Fatuma akasema. "Chakula hakitupwi. Kama hamtaki ipite, kuleni nyinyi."

"Bibi, haturuhusiwi."

"Mwaruhusiwa kutupa lakini kula hamruhusiwi? Ni dini gani hiyo?"

Nilimbembeleza mpaka akaiacha, akiwa ameshawaelekeza maafisa wote kwamba isiliwe na ugali ila na wali wa nazi. Alifika mlango wa kupandia ndege amenuna, nami nilikuwa namtuliza kwa mkono mmoja na kugawa kashata kwa mkono wa pili. Mikono midogo ilinyooshwa, kashata zikaenda, karatasi ikabaki tupu. Nikaikunja, nikashusha pumzi. Foleni ikaanza kusogea.

Afisa wa mlangoni akachukua pasipoti, akaziangalia, akainua kidole. "Mmoja, wawili, watatu. Pasipoti za watoto ni nne."

Bi Fatuma akamvuta Zuhura chini ya buibui. "Usiwahesabu!"

"Bibi, nisipowahesabu nitajuaje aliyepungua?"

Nikageuka. Swaleh yupo, Mwanaisha yupo, Zuhura miguu yake inaonekana chini ya buibui. Omari hayupo. Nilifungua karatasi yangu ya kashata kana kwamba angekuwa ndani yake. Ilikuwa tupu kabisa. Ndipo Mwanaisha aliponinyooshea kiganja cha pili, kashata imekaa humo haijaguswa.

"Nimemwekea Omari," alisema. "Yuko chooni."

Kwetu mtoto hali peke yake. Ndugu yake asipokuwapo fungu lake linawekwa, na asiyeliweka huchapwa au hulaaniwa, kutegemea nyumba. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa vizuri kupita kiasi. Katika miaka yote ile si mimi wala Bi Swafia aliyewahi kufikiri kwamba tabia njema itaiharibu hesabu yetu.

Swaleh alikimbia chooni, akarudi peke yake. Hakuna Omari. Alisema walikwenda pamoja, yeye akatangulia kutoka na kumwacha mdogo wake akichezea mashine ya kukaushia mikono. Jina la Omari likaanza kutangazwa kwenye vipaza sauti, likatamkwa vibaya. Afisa akanivuta kando. Alikuwa mtu mwema, sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema mlango utafungwa karibuni, lakini bibi na watoto waliopo wanaweza kupanda, nami nibaki nimtafute mtoto nije naye kwa ndege inayofuata.

Nilimweleza Bi Fatuma. Nilimkumbusha kwamba Rehema ana siku moja tu, na kwamba akipanda sasa binti yake atakuwa na watoto tangu asubuhi.

"Sendi," akasema. "Tumetoka pamoja, tutafika pamoja. Nitakwendaje kumwambia nimekuletea wanao, kasoro huyu?"

"Bi Fatuma, ndege itatuacha."

"Na ituache."

Nikampigia Rehema. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote niliyowahi kufanya katika kazi hii, nami nilitamani simu isishikwe. Ilishikwa kabla haijalia vizuri. Nikamwambia hali ilivyo, kwamba Omari hajaonekana lakini yumo ndani ya uwanja, hana pa kutokea, na kwamba tukimngoja tutachelewa, pengine tufike Ijumaa mchana. Nikasikia sauti za watoto wa watu nyuma yake.

"Msinigawie wanangu," akasema. "Waje wote. Hata ikiwa ni kwa saa moja tu, waje wote."

Nikakimbia. Nilipita milango mingi, nikiita, huku tangawizi na pini zinanimwagika mkobani. Mbali kabisa, kwenye mlango wa ndege ya Jeddah, walikaa mahujaji wa Umra, safu nzima ya kanzu nyeupe na kofia, na katikati ya wazee wawili alikaa Omari, miguu inaning'inia, anakula tende.

"Omari!"

"Dada Kadzo! Mbona mmechelewa?" aliniuliza.

Alikuwa ametoka chooni akaona kanzu, akazifuata, akijua kwamba penye kanzu ndipo penye watu wake. Wazee nao walimkaribisha. Mmoja wao aliomba radhi sana. "Mimi nilidhani mjukuu wa huyu," alisema, na mwenzake akasema, "Nami nilidhani wa huyu." Wangempeleka mpaka Makka, naye angeridhika, maadamu tende zipo. Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka, nikalia palepale mbele ya mahujaji, nao wakaniombea dua bila kuuliza ni ya nini.

Tuliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Tulisimama kwenye kioo tukaitazama ndege yetu ikirudi nyuma polepole, na Bi Fatuma, ambaye nilitegemea atamvuta mtu sikio, alimshika Omari kichwa, akamwangalia usoni kwa muda, akasema tu, "Kula kashata yako." Mwanaisha akampa.

Dada mmoja wa kaunta, Mungu amweke, alihangaika mpaka akatupatia viti katika ndege ya mwisho, viwili huku, vingine kule. Usiku ule sitausimulia. Kila aliyewahi kulala kwenye kiti cha chuma anaujua. Nitasema tu kwamba kuanzia pale nilibadilisha mtindo, nanyi mshike hivi: kashata nilimtia kila mtoto mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe, na sikusogea mpaka nimemwona akitafuna.

Dubai tulishuka Ijumaa jua limeshapanda. Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu, Zuhura akatapika, sanduku moja likakawia, na kila dakika niliyoitazama saa niliona ni ya Rehema ninayoila. Lakini watoto, oh, watoto walikuwa wameamka upya! Walipoona treni ya mjini isiyo na dereva wakagombania kukaa mbele waiendeshe wao. Walipoyaona mabembea kwa mbali, yamesimama juu ya majengo, wakapiga yowe moja lililoamsha behewa zima, nami nikapiga nao. Uchovu wangu sijui ulikwenda wapi.

Swala ya Ijumaa ilikuwa imeshatoka tulipofika kwenye lango. Rehema alikuwa amesimama juani, tiketi mkononi, mahali ambapo asingeweza kumkosa mtu yeyote anayeingia. Alikuwepo tangu walipofungua, na hakuingia hata kujikinga na joto. Swaleh alimkimbilia wa kwanza, akasahau kwamba ni mwanamume, kisha Mwanaisha, kisha Omari ambaye aliruka akamning'inia shingoni. Bi Fatuma alilia kwa sauti na hakujali nani anamtazama.

Zuhura hakwenda. Alishika buibui la nyanya yake, akajificha nyuma.

"Si ndiye mama huyo, unayeongea naye kila siku?" nilimwambia.

Zuhura akamchungulia, akatikisa kichwa. Yule aliyemjua alikuwa mdogo, wa kuenea kwenye simu. Rehema alimchuchumalia, akamnyooshea mikono, mtoto akazidi kurudi nyuma. Nikaona uso wa Rehema ukibadilika, nami nikatamani ardhi inimeze, maana saa zile zilizopotea ndizo ambazo mtoto angezitumia kumzoea. Lakini Rehema hakumlazimisha. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akainuka, akamwendea kijana aliyekuwa amesimama mlangoni na ramani.

"Foleni ndefu kuliko zote ni ya wapi?" aliuliza.

Kijana alidhani hakumwelewa. Akamwonyesha michezo isiyo na watu, upande wa kushoto, unapanda mara moja.

"Hapana. Ndefu. Ile ambayo watu wanailalamikia."

Ilikuwa ya treni ya watoto, inayozunguka bustani nzima. Foleni ilijipinda na kujipinda katikati ya vyuma chini ya kivuli. Watu waliokuwa mbele yetu walikuwa wanapumua kwa kero na kutazama saa. Tukajipanga nyuma yao, na Rehema akawa na wanawe wote mahali pamoja, hakuna anayeweza kukimbilia kokote. Omari akamsimulia habari za mahujaji, mara ya pili akazidisha tende. Swaleh akampima mama yake kimo akakuta amempita. Mwanaisha akaongea habari za shule mpaka nikashangaa, kwani njia nzima hakuwa amesema maneno yanayojaa kiganja. Tukasogea hatua, tukasimama, tukasogea tena. Nywele za Zuhura zilikuwa zimefumuka kwa safari. Rehema akatoa kitana mkobani, akakaa kwenye ukingo wa chuma, akaanza kumchana Mwanaisha, ambaye hakuhitaji kuchanwa, bila kumtazama mdogo hata kidogo.

Zuhura akaachia buibui. Akasogea kidogo, akasimama. Foleni ikasonga, akasogea tena. Mwisho akaja akamgeuzia mama yake mgongo, akaketi katikati ya magoti yake, akainamisha kichwa. Rehema akaanza kumsuka.

Tulifika mbele nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu iko wazi. Kijana wa treni akafungua mnyororo, akatuonyesha mabehewa, Omari tayari ameinua mguu. Zuhura hakutikisika. Rehema akamshika Omari kanzu kwa mkono mmoja, akawapungia watu waliokuwa nyuma yetu kwa mkono wa pili.

"Piteni," akawaambia. "Sisi bado."